Kumpita Kinyozi

Jumatatu, 3 Juni
Nimejiandikisha! Mbio zilezile za mji, nilizokimbia kila mwaka hadi saratani ya utumbo iliponiweka benchi. Mke wangu kaniapisha nitembee tu. Nimeapa. Hakusema nitembee kwa kasi gani.

Shabaha ni moja: kumpita Kinyozi, jirani wa duka langu la ushonaji. Miaka yote mbioni namjua kwa kisogo. Ila nilipougua alibadilika. Dawa ziliponimaliza nywele, alinikalisha kitini kila Jumamosi, akapitisha mashine hewani, akanipuliza shingo kama mteja halali. Siku hizi hanitanii. Anazungumza nami kwa sauti ya wodini, kana kwamba nitavunjika. Nimeichoka sauti ile. Nikimpita, ataiacha.

Jumatano, 5 Juni
Hila imepatikana! Waliopona saratani wanapewa fulana ya njano, wanaanza kabla ya wengine. Awali nilikataa, mimi si wa kuhurumiwa. Kisha nikafikiri vizuri. Fulana ninayo, na nimeipunguza kwa cherehani isishike upepo.

Leo mazoezi ya siri. Nimeaga kwamba napeleka suruali ya mteja. Nimekimbia hadi sokoni, nikahema kama mbwa, nikarudi. Suruali ilikuwa mezani muda wote, na mke wangu ameketi kando yake. Hakusema neno. Huyo akinyamaza, ujue kesi inaendelea.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeijaribu fulana. Inabana kwenye kovu! Nimesimama mbele ya kioo, nikalitazama kovu lote, jambo ambalo huwa nalikwepa. Mke wangu kaingia, kanivua fulana, kaifumua, kaongeza nafasi. Kumbe alijua kila kitu. Kasema nikianguka hatakuja kuniokota. Kisha kauliza asimame wapi ili anione vizuri.

Jumapili, 9 Juni
Nimetangulia! Barabara tupu mbele yangu. Kumbe fulana ile ni mtego. Kila aliye pembeni anataka kunishika mkono. Mzee mmoja kanikumbatia, kamlilia marehemu dada yake begani kwangu. Mimi pole, asante, pole, huku miguu inataka kwenda.

Karibu na daraja mama mmoja akanidaka kiwiko. Aliuliza kama dawa zinatapisha kweli, maana binti yake anaanza kesho. Nikasimama. Nikamwambia kweli zinatapisha, asimlazimishe kula, ampe kidogo kidogo, na asimwambie ajikaze. Akauliza kama niliogopa. Nikasema niliogopa sana, kila siku. Sijawahi kumwambia mtu hilo, hata mke wangu. Tukashikana mikono pale, na mbio nikazisahau kabisa.

Mara kikapita kisogo ninachokijua. Nikakifukuza! Mapafu yanawaka, utumbo uliobaki unalalamika. Hatua chache kabla ya utepe, Kinyozi akainama ghafla kufunga kamba za viatu. Nikampita! Mke wangu akarukaruka hadi kitambaa cha kichwa kikamdondoka.

Baadaye Kinyozi alivua viatu ili miguu ipate hewa. Havina kamba.

Nimejifungia chooni nikalia kwa hasira. Angenishinda tu kama zamani, ningejua kwamba nimerudi.

Jumatatu, 10 Juni
Kinyozi kaja dukani, kaniuliza hali kwa sauti ya wodini. Nikamuuliza kisogo changu amekionaje. Nikasema ushindi ni ushindi, na kamba ni visingizio vya walioshindwa. Hapo akashindwa kuvumilia! Akasema nakimbia kama kuku aliyefungwa miguu, na kama si yeye kuinama, ningefika leo. Alisema kwa sauti kubwa, hadi wapita njia wakageuka. Nimefurahi mno, nimeshona mikono miwili ya shati upande mmoja.

Nimemtaka turudie kesho alfajiri, sisi wawili tu, bila fulana za njano. Kakubali. Mguu wa kulia umevimba, lakini hilo ni jambo dogo. Nyumbani nimesema kesho natoka mapema kununua nyuzi. Mke wangu kauliza ni duka gani la nyuzi linalofunguliwa alfajiri. Nimejifanya nimelala.