Nilivyougua Ili Adolphine Arudi

Jumatatu, 3 Mei 1954
Baridi. Mke wangu Adolphine bado yuko kwao Kilwa. Alikwenda kuzika shangazi, akabaki huko. Ametuma neno: amechoka na ujanja wangu. Ujanja gani! Nimepika bukari, ugali wetu, peke yangu. Mabonge matupu. Nikakumbuka mwaka tuliooana, yeye akichekecha unga na kuimba, mawimbi ya ziwa Mweru yakimwitikia nyuma ya nyumba. Nimekata shauri. Nitaugua. Lazima atarudi.

Jumatano, 5 Mei
Zahanati. Nimelia tumbo. Muuguzi Bwalya kanibonyeza kila mahali, akasema mwili mzima kabisa. Aibu! Kisha akauliza kama nalala, kama nasali, nakula na nani. Nakula na sufuria, nikamjibu.
Akatikisa kichwa. “Rigobert, afya haiko mwili tu. Iko akili, iko roho, iko na bantu wa kukaa nao. Kule kote uko mugonjwa.”
Furaha! Nilitaka ugonjwa mmoja, nimepewa mitatu. Mchuuzi wa samaki anayepitia Kasomeno kwenda Kilwa amembebea Adolphine habari.

Alhamisi, 13 Mei
Lori limefika. Nimevaa koti la harusi. Akashuka mama mkwe! Mama Marceline, na gunia la mizizi. Adolphine amesema nikifa atakuja kuzika. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Basi ananitibu akinipa mgongo.

Jumamosi, 15 Mei
Dawa chungu kama nyongo. Nimeungama kwa padri, karibu yote. Kisha mama mkwe akaamuru, kupitia mlango, nikale kwa jirani Émile. Émile! Hatujasemezana tangu aninyang’anye uongozi wa kwaya. Nikaenda nimenuna. Akatoa akordeoni, akapiga ule wimbo wetu wa ujana, tulipokuwa tukivua pamoja kule ziwani. Tukacheka hadi machozi. Nimelala fofofo.

Jumanne, 25 Mei
Adolphine ameshuka lorini! Mama alimtumia neno kwamba nacheka tena.
“Nilisikia uko muzima, ndiyo nimekuja,” akasema. “Mugonjwa ningemuachia mama.”
Sasa anaimba jikoni. Nimelia ndani ya sombe, majani ya muhogo aliyonipikia. Bwalya alisema kweli: mwili, akili, roho, watu. Vyote vimetulia.
Ila mama mkwe hasemi lolote kuhusu kuondoka. Kesho nitamwambia mbuzi wake huko Kilwa wameanza kukohoa.