Bolti Nne Zisizo na Kibali

Ninayo heshima kuujulisha umma kwamba Kamati Kuu ya Kuzuia Vyuma Kukatika Ovyo, ambayo mimi ni katibu wake, imetimiza wajibu wake kwa ufanisi mkubwa. Vilivyoendelea kukatika ni vyuma tu.

Bolti za jukwaa la tangi kuu kiwandani zilikuwa zinakatika zenyewe kama biskuti. Tukamwita mama wa maabara, mtaalamu wa vyuma, atueleze.

“Tunapoziosha bolti kwa tindikali, gesi ya haidrojeni inapenya ndani ya chuma,” alisema. “Siku chache baadaye, paa! Mkiyeyusha chuma, tieni vanadi kidogo. Madini hayo yanainasa gesi isizurure. Manganisi mnayotia sasa ipunguzeni, inakidhoofisha chuma.”

Mwenyekiti, ambaye shemeji yake anachimba manganisi, aliguna. “Manganisi imemkosea nani? Iongezwe. Na chuma kiwe kigumu zaidi.”

“Mheshimiwa, kikizidi ugumu ndiyo haidrojeni inakimaliza upesi.”

“Mama, ugumu ni ugumu.”

Hoja ikapita kwa kauli moja. Vanadi ikaundiwa kamati ndogo. Haidrojeni ikaandikiwa barua ya onyo.

Mama wa maabara akakunja faili lake akatoka bila kuaga. Mdogo wake, fundi wa kuchomelea, ndiye aliyekuwa akipanda jukwaa lile kila asubuhi.

Siku ya uzinduzi wa bolti mpya za manganisi, Mwenyekiti alipanda jukwaani mwenyewe, suti mpya, kipaza sauti mkononi. Hajamaliza hata kuwataja wageni kwa vyeo vyao, bolti zikaanza: pa! pa! pa! Jukwaa likalala upande. Akabaki ananing’inia kwenye reli, kiatu kimoja kikaanguka miguuni pangu. Nikakipokea rasmi.

“Tulia hapo hapo, mheshimiwa!” mama wa maabara alipaza sauti. “Zimebaki nne, na hizo hazikatiki.”

“Kwa nini hazikatiki?”

“Zina vanadi. Ni sampuli zangu za maabara. Nilizifunga mwenyewe Jumapili, kwa ajili ya mdogo wangu.”

Hata akiwa katika hali ile, Mwenyekiti hakusahau taratibu. “Kwa kibali cha nani?”

“Sina kibali.” Akaokota spana, akaweka mguu kwenye ngazi. “Nizitoe?”

“Weee! Mama! Dada yangu! Shangazi! Usiziguse!”

Kumbukumbu zinaonyesha kwamba matumizi ya vanadi yaliidhinishwa saa nne na dakika kumi asubuhi, kwa kura ya mjumbe mmoja, akiwa hewani.