Mche wa Tatu Kutoka Dirishani

Jumapili, 7 Juni

Nimeamua. Malkia lazima atoroshwe.

Niandike kwa utaratibu, maana mimi ni mtu wa utaratibu. Malkia ni mche wa mpapai. Nimemhangaikia maabarani tangu alipokuwa kitone ndani ya chupa, nikakata sehemu moja ndogo mno ya jeni zake ili virusi vya madoa vikija visipate mlango wa kuingilia. Virusi hivyohivyo vilimaliza mipapai yote ya Mama. Aliikata mwenyewe kwa panga, akiwa amenipa mgongo. Sijausahau ule mgongo wake.

Ijumaa, Bi Mkubwa wa maabara atachagua mche mmoja uwe mama wa mbegu. Mingine yote iliyohaririwa jeni kama yeye itachomwa. Ndiyo sheria.

Mshindani wangu ni Profesa. Si profesa. Ana kalamu tatu mfukoni na koti lililopigwa pasi, basi. Wiki iliyopita nilimfuma akimtazama Malkia. Mtu hautazami mche wa mwenzake bure!

Hatua ya kwanza nimeshamaliza: juzi jioni nilibandua vibandiko vyote. Sasa miche iliyohaririwa na ile ya kawaida tuliyoipanda kwa kulinganisha inafanana kama vifaranga. Hakuna ajuaye upi ni upi, ila mimi. Malkia ni wa tatu kutoka dirishani.

Jumatatu, 8 Juni

Imefanyika!

Mchana, wenzangu wakiwa wameenda kula, nilimtia Malkia mkobani, nikamfunika kwa mtandio. Mche uliohaririwa hauruhusiwi kutoka kitaluni bila kibali. Najua. Tangazo lililo mlangoni nililiandika mimi. Lakini liliandikwa kwa ajili ya watu wasiojua wanachokifanya.

Profesa hakushuku kitu. Asubuhi nzima alikuwa kwenye kazi yake ya kila Jumatatu, kuihamisha miche huku na huku mezani ili kila mmoja upate zamu yake ya mwanga. Anapiga mluzi akifanya hivyo. Mluzi mbaya.

Nyumbani nimemweka Malkia uani, chini, penye kivuli. Mama akauliza ni nini. Nikasema pilipili. Shangazi, aliyekuja kututembelea kwa siku mbili mwaka jana na bado yupo, akasema hajapata kuona pilipili yenye majani kama kiganja cha mtu. Nikamwambia ni pilipili ya kisasa. Akasema, haya, wasomi.

Nitamrudisha Ijumaa asubuhi, akiwa mzima, na kumkabidhi Bi Mkubwa mkononi. Akili ni nywele.

Jumanne, 9 Juni

Ameliwa!

Kimebaki kijiti. Na juu ya paa la banda letu la kuku alikuwa amesimama mbuzi wa jirani yetu, fundi cherehani, anatafuna, ananitazama. Mbuzi huyo wanamwita Hakimu kwa sababu ya ndevu. Hakimu amekula ushahidi!

Nina shahada. Najua kwamba jeni ikiliwa inameng'enywa kama ya mchicha wowote. Hakimu hataota mapapai. Lakini sheria haiulizi tumbo. Mche umetoka, na mche haupo.

Kazini, mambo mawili. Bi Mkubwa amegundua kwamba vibandiko havipo. Alifoka, kisha akaamua kwamba ni gundi. Nikamuunga mkono: gundi za siku hizi ni maji matupu. La pili, mkaguzi anakuja Alhamisi. Ataihesabu miche yote.

Chakula hakipiti. Shangazi ameshiba mara mbili.

Jumatano, 10 Juni

Mwanga! Kwenye ndevu za Hakimu kuna kitu cha kijani. Kipande cha jani! Kwa kipande cha jani naweza kukuza Malkia mwingine ndani ya chupa. Ingechukua miezi, na mkaguzi anakuja kesho, lakini hilo sikulikumbuka mpaka baadaye.

Alasiri yote nilimfuata Hakimu nje ya kibanda cha fundi. Nikimkaribia, anasogea. Nikimbembeleza kwa ganda la ndizi, anakula ganda na kusogea. Mwishowe nikamkamata ndevu. Akanipiga kichwa gotini. Fundi akatoka, sindano mdomoni, akauliza, dada, kwani huyu mbuzi amekukosea nini? Nikasema hapana, navutiwa tu na ndevu zake. Fundi akashika kidevu chake mwenyewe. Naye ana ndevu. Mungu wangu.

Jani lenyewe lilikuwa kipande cha kitambaa.

Shangazi aliona yote kutoka dirishani. Jioni akamwambia Mama kwamba binti yake ameshinda mlangoni kwa fundi, na hakuna nguo aliyopeleka kushonwa. Mama akaniita pembeni, akaniuliza kwa upole kama nina jambo la kumwambia. Nilikuwa nalo. Nikasema sina.

Alhamisi, 11 Juni

Leo naandika kwa furaha!

Mkaguzi alikuja, mtu mkimya mwenye viatu vya matope. Akahesabu. Mche mmoja haupo. Akahesabu tena. Haupo. Upi? Hakuna vibandiko, hakuna ajuaye. Basi, akasema, kila mche ukatwe kipande cha jani, mashine iseme. Kama uliotoka ni wa kawaida, si neno. Kama ni uliohaririwa, kitalu kinafungwa na miche yote inachomwa leo hii.

Yote! Kazi ya Bi Mkubwa ya maisha. Hata mche wa Profesa. Nilimwona akichomoa kalamu, akairudisha, akachomoa nyingine. Nilimhurumia, jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

Tulisubiri mashine. Nilifungua kinywa niseme. Nilishafika kwenye "Bi Mkubwa, kuna jambo..." ndipo karatasi ikatoka.

Iliyohaririwa yote ipo. Yote! Malkia yupo, mashine imemtambua kwa mkato wa jeni zake! Yuko karibu na mlango, mnene, mwenye afya. Uliopungua ni wa kawaida. Profesa akasema hiyo ya kawaida hufa kila mara. Na Jumatatu alipokuwa akiihamisha, aliona mmoja umelegea, akausogeza dirishani uchangamke.

Jumatatu! Alikuwa amehamisha! Wa tatu kutoka dirishani hakuwa wa tatu tena. Nimeiba mpapai wa bure kabisa, na Hakimu amekula mpapai wa bure kabisa!

Bi Mkubwa akaniuliza nilikuwa na jambo gani. Nikasema, nilitaka kuuliza kama tununue gundi nyingine. Akasema ndiyo, angalau kuna mmoja anayefikiri humu.

Nilijifungia chooni nikacheka mpaka machozi. Nyumbani nikamkumbatia Shangazi. Akaniuliza fundi amesemaje.

Jumamosi, 13 Juni

Jana Malkia alichaguliwa! Nilimwambia Mama kwamba siku moja uani patakuwa na mipapai tena. Baadaye nilimwona akilinoa jembe.

Profesa alinipa mkono wa pongezi. Akasema alikuwa akimtoa Malkia wadudu majanini kila asubuhi mpaka vibandiko vilipopotea, maana mimi huwa nachelewa. Niliguswa sana.

Kisha nikafikiri. Kwa nini mtu amtoe wadudu mche wa mwenzake? Tena kila asubuhi? Hatari!

Nimeshabandua vibandiko vipya. Gundi ya safari hii ni kali kweli. Malkia sasa ni wa pili kutoka ukutani. Jumatatu mchana, wenzangu wakienda kula, nitamchukua.

Lakini mtu huwa anajifunza. Safari hii simweki chini. Nitamweka juu ya paa la banda la kuku, mahali ambapo Hakimu hawezi kufika.