Kipindi cha Arobaini cha Kapteni Tufani

Jumatatu, 10 Novemba

Habari kubwa! Keji, Mbari na mwalimu wa watoto kanisani kwetu hapa Juba, anaandaa sherehe ya watoto Jumamosi hii. Amepata projekta ya kuazima na anataka kuonyesha katuni. Jana baada ya ibada aliuliza nani kati yetu alimtazama Kapteni Tufani utotoni. Hakumaliza swali. Mkono wangu ulikuwa juu.

Bahati mbaya, na mwingine. Wa Apollo.

Apollo ni Mganda, fundi wa televisheni, jirani yangu hapa mtaani Hai Mauna. Alikulia Jinja. Mimi nilikulia Nairobi, enzi za ukimbizi. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, yeye kule na mimi huku, tulimtazama shujaa yuleyule: mwenye joho la buluu, akipuliza pumzi mabati yanang'oka. Mtu angedhani jambo hilo lingetufanya marafiki. Wapi!

Keji anataka vipindi vitatu bora. Atakayevichagua atasimama mbele awaeleze watoto. Yaani kando ya Keji. Miaka miwili natafuta sababu ya kusimama kando ya Keji!

Jumanne, 11 Novemba

Kikao cha uchaguzi, nyumbani kwa Keji. Chai ya tangawizi. Nilivaa shati la Krismasi.

Nilianza na kipindi cha nane, pale mama yake Kapteni anapolifua joho kwa maji ya moto. Linanywea mpaka linamfika kwapani, na wiki nzima anaruka kimo cha banda la kuku tu. Keji alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Apollo akaleta kipindi cha tano, Kapteni na adui yake Profesa Kutu wanapigana juu ya tangi la maji. Ngumi mwanzo mpaka mwisho. Hakuna akili hata kidogo.

Hapo nikatoa silaha yangu. Kipindi cha arobaini, nikipendacho kuliko vyote! Kapteni anaugua, pumzi inakwisha, hawezi kuzima hata mshumaa. Profesa Kutu anafunika mji kwa wingu la kutu. Basi watoto wa mji mzima wanafungua madirisha na kupuliza pamoja.

Keji alisema amesisimka. Aligusa mkono wake. (Wake mwenyewe, lakini ni mwanzo.)

Apollo akaweka chai chini polepole.

"Bwana Marino, hii katuni iko na vipindi thelathini na tisa. Mimi iko navyo vyote kwa flashi. Hiyo ya arobaini imetoka wapi?"

Nilimwambia pengine televisheni za Jinja zilikuwa zinalala mapema. Keji akaamua: nikikileta, kitaonyeshwa. Nisipokileta, Apollo ndiye atakayesimama mbele.

Nimesema nitakileta. Nimesema hata kesho.

Jumatano, 12 Novemba

Faida za kuwa karani wa mizigo uwanja wa ndege! Jana nilimpigia Namukasa, mfanyabiashara wa magauni, aliyekuwa Nairobi. Nilimsihi anitafutie diski kule mjini. Leo mchana ameshuka na ndege, amenikabidhi bahasha. Maandishi makubwa: TUFANI. Nilimshukuru mbele ya foleni nzima ya wasafiri. Nusura nimbebe.

Baadaye. Ni filamu ya mafunzo ya hali ya hewa. Saa mbili za mzee mmoja na fimbo yake mbele ya ramani, akieleza jinsi pepo zinavyozunguka. Nimeitazama yote, nikitumaini Kapteni atatokea mwishoni.

Hakutokea.

Alhamisi, 13 Novemba

Mpango mpya, safi kabisa. Ikiwa sina changu, na yeye asiwe na chake. Si vyote! Mimi si mtu mbaya. Kile cha tano tu, cha ngumi.

Nilipita kwa Apollo asubuhi. Nikausifu mkono wake wa ufundi. Nikasifu hata kalenda yake ya ukutani. Kisha nikaomba flashi, nikisema nataka kupanga vipindi kwa utaratibu kwa ajili ya watoto. Akanipa bila swali. Hilo liliniumiza kidogo.

Kazini, wakati wa chakula, nikaichomeka kwenye kompyuta. Nikateua cha tano. Kufuta. Kompyuta ikaniuliza kitu kirefu. Nikasikia viatu vya mkuu wangu mlangoni, nikakubali haraka bila kusoma.

Ilikuwa inauliza kama nina hakika nataka kufuta vyote.

Jioni nikairudisha. Apollo akanishukuru kwa kazi ya kupanga.

Ijumaa, 14 Novemba

Sijala. Nimempigia dada yangu Joy, ambaye bado anaishi Nairobi. Nikamuuliza kama anakumbuka kipindi cha arobaini, au anamjua mtu aliyekirekodi.

Akaanza kucheka. Akauliza kama kweli sijui mpaka leo.

Kumbe hakikuwahi kuwepo. Nilikuwa na miaka minane, nina homa ya mapafu. Katuni ilikuwa imekwisha wiki iliyotangulia, nami nikawa nalia kwamba sitaki iishe. Joy, mwenyewe ana miaka kumi na tatu, akaketi kitandani akasema kipindi kipya kimeonyeshwa kwa jirani, ameenda kunitazamia. Akanisimulia. Akanifanya nipulize pamoja na watoto wa mji, kwa sababu daktari alisema ni lazima nipulize ili mapafu yafunguke, na mimi nilikuwa nakataa.

"Wewe ulipuliza vizuri sana, Marino," akasema. "Sisi sote tulikuwa tunaogopa."

Sikujua kwamba waliogopa.

Jumamosi, 15 Novemba

Watoto sitini. Shuka jeupe ukutani. Projekta inaunguruma. Apollo akachomeka flashi. Hakuna kitu. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Hakuna kitu.

Watoto wakaanza kupiga makofi ya kudai. Keji akanitazama kwa macho ya mtu anayezama. Ningeweza kukimbia, mlango ulikuwa wazi na mbele yake boda tatu zinangoja. Badala yake nikasikia sauti ikisema, malesh, samahani sana, kipindi cha arobaini huwa hakionyeshwi, husimuliwa. Sauti ilikuwa yangu.

Nikashusha shuka ukutani, nikajifunga shingoni. Nikasimulia kama Joy. Nilipofika kwenye wingu la kutu, Apollo akainuka bila kuambiwa na kuwa Profesa Kutu, kwa kicheko cha kutisha kweli, hata mama wawili wakasogea nyuma. Nikaanguka chini, sina pumzi. Nikawaambia watoto wafungue madirisha.

Wakapuliza! Sitini kwa pamoja, mashavu kama maembe. Karatasi za Keji zikaruka mezani. Apollo akapepesuka mpaka uani. Wakadai irudiwe. Tukarudia mara nne. Keji alicheka hadi machozi, akanishika mkono. Wangu, safari hii!

Tulipokuwa tunapanga viti, Apollo akanionyesha simu yake. Vipindi vyote thelathini na tisa vimo humo. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema kitu pale mbele.

"Ningesema, wewe ungesimulia saa ngapi? Mimi nilitaka kusikia hiyo ya arobaini, ndugu yangu."

Nikamweleza kuhusu Joy na ile homa. Alifikiri kidogo. Akasema basi kuanzia leo hesabu ni arobaini, na atakayebisha aende kwake Mauna wabishane.

Kuhusu nani alifuta flashi sikumwambia. Ukweli mmoja kwa siku unatosha.

Jumapili, 16 Novemba

Nimeamka mtu mpya. Hakuna tena uongo, hakuna mipango. Nimemwahidi Mungu hivyo kanisani, nimepiga magoti kabisa.

Nje ya kanisa Keji akaniuliza, akitabasamu, kama katuni ile ina vipindi vingine. Nikasema vipo themanini. Akashangaa nimejuaje. Nikasema mchoraji wake ni mjomba wangu.

Sijui kwa nini.

Keji amefurahi mno. Amewatangazia watoto pale pale: mjomba atakuja Jumamosi ijayo kuwachorea.

Si tatizo. Kuna mpakiaji mpya pale kazini, Ngor, mtu mzima mwenye sura ya heshima. Ana futi sita na nusu, mimi ninamfika kwenye mfuko wa shati, lakini nitasema ukoo wetu una upande mrefu. Kesho nitamuuliza kama anaweza kuchora. Hata kuku tu.