Taa za Nyuma za Mjomba Abdulnasir

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Mardhiya anahamia Tanga. Ametangaza mwenyewe wakati wa mapumziko, huku anakula muhogo. Shangazi yake amempatia shule huko. Anaondoka Jumapili alfajiri. Wasichana wakamkumbatia. Farhan akamwambia atamkumbuka, hivi hivi tu, kama mtu anayeomba apewe chumvi. Mimi nilisoma ukurasa mmoja wa kitabu cha jiografia mara tatu. Ulihusu mmomonyoko wa udongo.

Miaka mitatu darasa moja. Nimemwambia maneno kama kumi. Matano kati ya hayo ni "samahani".

Ila njia ipo. Basi la Tanga watalipandia Msata, na baba yake, Mzee Mwinyijuma, anatafuta gari la kuwafikisha huko. Mjomba wangu Abdulnasir ana gari. Na Mjomba hapendi kusafiri bila mimi, anasema namsaidia kukaa macho. Kutoka hapa Bagamoyo hadi Msata ni saa nzima. Mzee atakaa mbele. Mardhiya nyuma, mimi nyuma, begi lake katikati kwa ajili ya heshima. Ndani ya saa nzima hata mimi nitapata la kusema.

Jumanne, 16 Septemba

Mzee Mwinyijuma alikuja kulikagua gari. Ameendesha malori miaka thelathini. Hakuangalia injini wala viti. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akamwomba Mjomba awashe taa. Mjomba akajibu kwamba zimewaka. Mzee akainama, akasogeza uso hadi karibu aguse gari.

Ni ile tinti. Mwaka jana Mjomba alizibandika taa za nyuma karatasi nyeusi huko Dar. Anasema ndiyo urembo wa gari.

Mzee akasema hili ni gari lililofumba macho. Barabara ya Msata alfajiri ni ya malori, na dereva aliyekesha ataziona breki zetu akiwa keshaingia kwenye buti. Hawezi kumpakia mwanawe humo. Mjomba akajibu kwamba kubandua tinti ni sawa na kumvua mtu kanzu sokoni. Basi, kaa na kanzu yako, akasema Mzee. Kaka yake Farhan ana Noah.

Farhan! Saa nzima na Farhan, ambaye anadhani kitabu ni kitu cha kukalia.

Nimefikiri sana. Kama karatasi haitoki, mwanga ndio uongezeke. Yaani balbu kali zaidi.

Mchana, getini, Mardhiya aliniuliza kama napitia Dunda, maana mwenzake Ummy hakuja shule na hataki kutembea peke yake. Nikamwambia nina haraka. Sikudanganya, nilikuwa nakwenda kuulizia balbu. Nilikimbia. Zimebaki siku tano tu.

Jumatano, 17 Septemba

Kibwana, fundi umeme wa magari, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Bandua tinti, mdogo wangu." Nikamweleza kuhusu kanzu na soko. Akanipa balbu mbili kali kuliko za Mjomba.

Nimezifunga mwenyewe. Zinaonekana kama kaa la jana. Mjomba akasema ameona tofauti. Nilipomwuliza ni ipi, akasema ya kulia.

Mardhiya alinisubiri tena getini. Nikapita kwa nyuma, kwenye choo cha walimu. Sikuwa na muda.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimegundua jambo! Balbu hizi zina nyuzi mbili ndani. Uzi mwembamba huwaka muda wote taa zinapowashwa. Uzi mnene huwaka pale tu dereva anapokanyaga breki. Muda mwingine wote uko pale bure, umekaa kama mgeni asiyeosha vyombo. Nikiigeuza balbu, uzi mnene utawaka muda wote.

Balbu ilikataa kugeuka. Ina vijino viwili ubavuni, kimoja juu, kingine chini, na tundu lake limetengenezwa hivyo hivyo. Sijui kwa nini watengenezaji hupenda kusumbua watu. Kitabu cha fizikia kinasema kani ikizidi, kitu husogea. Nikazidisha kani. Kikasogea.

Taa zimewaka. Nyekundu hasa, kupitia karatasi na yote. Kuku wa jirani waliingia bandani mapema.

Nikiwa bado na kichwa ndani ya buti, Mardhiya akapiga hodi. Alikuja kurudisha kitabu changu cha biolojia. Mikono yangu ilikuwa na grisi hadi kwenye viwiko. Nikamnong'oneza Mjomba amwambie sipo. Mjomba akapaza sauti, "Anasema hayupo."

Mardhiya akamkabidhi Mjomba kitabu. Kisha akasema, "Basi, akirudi aambiwe nilimsalimia."

Nimelirudia neno hilo jioni nzima. "Nilimsalimia." Jumapili nitamjibu.

Ijumaa, 19 Septemba

Baada ya swala nilimfuata Mzee Mwinyijuma nje ya msikiti. Shikamoo. Marahaba. Nikamweleza kwamba gari limefumbua macho. Akasema kesho baada ya magharibi atatufuata kwa pikipiki hadi Kaole, ajionee mwenyewe.

Nimeandaa mada nne za safari: magofu, kumetameta kwa nyota, kwa nini bahari ina chumvi, na kama atakuwa akirudi likizo. Ya nne nitaianza tukifika karibu na Msata, nikipata ujasiri.

Jumamosi, 20 Septemba

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Mjomba na mimi mbele, Mzee nyuma yetu kwenye pikipiki, kanzu kaikunja magotini. Akapiga honi mbili za furaha. Nikaanza kurudia mada ya kwanza kimoyomoyo.

Karibu na Kaole mbuzi wakakatisha barabara. Mjomba akakanyaga breki. Hapo ndipo nilipojiuliza: kama uzi mnene unawaka muda wote, breki imebakiwa na nini? Imebakiwa na uzi mwembamba. Kuongeza uzi mwembamba juu ya mnene ni kuongeza kijiko cha maji kwenye kisima. Hakuna anayeona.

Mzee hakuona. Pikipiki ikatugonga, si kwa nguvu sana. Tulimkuta amekaa kwenye majani, goti limechubuka, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Mbona hukusema kama unasimama?" akauliza.

Mjomba akajibu kwamba alisema, kwa mguu.

"Na huo mguu wako mimi nitauonea wapi?"

Nikaona ni haki yake apewe maelezo. Nikamweleza kuhusu nyuzi, vijino na kani. Akasikiliza bila kunikatiza. Akaniuliza niko kidato cha ngapi. Nikamwambia cha tatu. Akasema, "Subhanallah."

Kioo cha taa ya kushoto kilikuwa kimepasuka. Cha kulia karatasi ilikuwa imejikunja kwa joto, kama utando wa maziwa. Tukarudi mjini, tukamkuta Kibwana anafunga kibanda. Alikuwa na vioo viwili vya gari kama letu, vyekundu, bila karatasi. Akavifunga, akarudisha balbu zinavyotakiwa. Mjomba alisimama pembeni kama aliyefiwa.

Mzee akakanyaga breki mwenyewe, akamwambia Mjomba atazame. Taa zikawaka, kisha zikawaka zaidi. "Haya, sasa hili ni gari," akasema. "Kesho saa kumi na moja alfajiri."

Nimeshinda. Nimepiga pasi shati.

Jumapili, 21 Septemba

Mzee Mwinyijuma alikaa mbele. Nyuma akaingia mama yake Mardhiya. Kisha akaingia bibi, kwa sababu mtoto wa kike haachwi stendi bila wakubwa wake kumsindikiza na kumwombea dua. Kisha Mardhiya, na ndoo ya visheti mapajani. Mjomba akanitazama akasema leo wa kumweka macho wapo wengi.

Nikabeba begi hadi kwenye buti. Hicho ndicho nilichofanya.

Mardhiya akafungua kioo. Akasema wiki nzima alikuwa ananisubiri getini tutembee pamoja, na mama yake alidhani naumwa tumbo. Akauliza, "Kwani nilikukosea nini?"

Nilikuwa na mada nne. Nikasema, "Ule uzi wa breki ni wati ishirini na moja."

Akacheka, si kwa kunidharau. Akanipa kikaratasi chenye namba ya simu ya shangazi yake. Akasema nimpigie hata kesho, jioni shangazi huwa yupo nyumbani.

Gari likaondoka. Taa zilionekana vizuri mno. Nilisimama barabarani nikizitazama hadi kwenye kona, na pale Mjomba alipopunguza mwendo ziliwaka zaidi, kama inavyopaswa. Kisha zikapotea. Niliendelea kusimama hadi mwuza vitumbua akaniuliza kama namsubiri yeye.

Nimefikiri kwa makini kosa lilikuwa wapi. Kosa ni idadi ya viti. Mardhiya atarudi likizo ya Desemba na atahitaji kupokewa Msata. Mjomba aliporudi nililipima buti: benchi la mtu mmoja linaingia, likikatwa miguu. Mbao ninazo. Msumeno nitaazima.

Benchi likikamilika, nitampigia simu.