Notisi Ndani ya Kopo la Ulezi

Jumatatu, 3 Juni

Otilia, tangu Krismasi! Huko Mbeya hakuna gari la kuja Sumbawanga? Haya, kaa usome. Padri alinifundisha herufi ukubwani. Mdomo ukishindwa, mkono unasema. Na mdomo umeshindwa, mwanangu. Nina aibu.

Mwezi uliopita Ignasi, jirani yetu wa bodaboda, alinitoa mnadani. Mimi, gunia la maharage, mbuzi mapajani. Trafiki akamwandikia notisi ya faini kwa kuzidisha mzigo, ilipwe ndani ya siku saba. Alitaka kulipa siku ileile. Nikamnyang'anya. Nikasema mbuzi ni wangu, nitakwenda kuipinga mwenyewe, siku saba ni nyingi. Nikaiweka kwenye kopo la mbegu za ulezi, isipotee.

Haikupotea. Nilisahau. Leo ni siku ya ishirini na tatu, faini imeongezeka na pikipiki ya Ignasi wameishikilia. Amepita hapa kwa miguu. Kasema shikamoo, basi. Afadhali angenitukana!

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda polisi na fimbo nisiyoihitaji. Afande Lwitiko, yule kijana wa Tukuyu, akauliza kwa nini nimechelewa. Nilitaka kusema nilisahau, haki ya Mungu nilitaka. Ulimi ukasema msiba. Wa nani? Kaka yangu Cornelius. Ndilo jina lililokuwa karibu. Afande akavua kofia. Akasema pole sana bibi, nitaongea na mkubwa. Nikalia. Machozi ya kweli kabisa!

Alhamisi, 6 Juni

Aibu! Afande kaja kutoa pole, na mchele kilo tano. Mjomba wako Cornelius yupo jikoni, anamega ugali. Nikamnong'oneza ajifiche. Akasema ugali utapoa. Basi nikamwambia afande huyu ni pacha wa marehemu. Cornelius, shavu limejaa, akauliza: marehemu yupi? Akaulizwa jina. Unamjua mjomba wako, alilitaja lote, mpaka la kipaimara.

Afande hakufoka. Alivaa kofia, akaondoka. Mchele akauacha. Sijala siku nzima.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeuza mbuzi. Nimelipa yote, na nyongeza yake. Pikipiki imetoka. Ignasi kasema taratibu, bibi, ungeniambia tu umesahau. Nikainamia sufuria. Nimempikia ule mchele, sahani imefurika. Nimeapa: uongo basi!

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa nikaamua twende kwa afande. Cornelius lazima aje, aombe radhi kwa kuwa hai. Ignasi akasema watatu kwenye pikipiki ni mishikaki, bibi, tutakamatwa. Nikasema tunakwenda kwa jambo jema, Mungu anatuona.

Trafiki naye alituona. Notisi nyingine! Ignasi akatoa simu alipe palepale. Nikamnyang'anya karatasi. Nikamwambia mwanangu, hii niachie mimi, siku saba ni nyingi. Karudisha simu mfukoni, maskini.

Ipo kwenye kopo. Cornelius amegoma kufa tena. Kwa hiyo Otilia, ukija safari nyingine, shuka stendi umejifunga kanga nyeusi, na ukimwona trafiki, yule wa sare nyeupe, lia kidogo. Aliyefariki ni shangazi yako wa Kirando. Yeye mwenyewe bado hajaambiwa.