Eproni ya Kiwanja cha Ndege katika Shamba la Mama Damiani

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano huu, ambaye ni mimi mwenyewe, Aniceti, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kiwanja cha Ndege. Ndugu Sylvesta, Katibu wa Kamati hiyo hiyo na Mtunza Muhuri. Ndugu wajumbe wa nyumba kumi kumi wa Sigino na Mutuka. Baba Padri na Mchungaji, mliotuma udhuru kwa maandishi, na udhuru wenu tumeupokea kwa heshima ile ile kana kwamba mmekuja wenyewe. Wazee mlioketi juu ya mawe ya mipaka ya kiwanja. Akina mama mliofika na majembe yenu ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Ndugu zetu wafugaji mliofika na ng'ombe, na kwa kuwa ng'ombe hao wako katikati ya njia ya kurukia ndege siwezi kujifanya sijawaona. Mabibi na mabwana, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe, na kwa wazee wangu wote kwa mkupuo mmoja, shikamoo.

(Marahaba, kutoka kwenye mawe.)

Kabla ya kazi, afya. Hamjambo? Mmeamkaje? Mzee Ntutu, kile kikohozi kimepungua? Nakuona unatikisa kichwa, basi tutaendelea kukuombea, maana dawa zahanati hazijafika na maombi hayahitaji dizeli. Ndugu Herieli, fundi wetu wa baiskeli, mgongo je? Na wewe Mama Damiani, homa imekuacha?

(Mama Damiani, mjane, mwenye shamba ambalo mkutano umesimama juu yake, anasema homa imeondoka, ila swali lake liko pale pale. Mvua za kwanza zimeshanyesha upande wa mlima. Mbegu anazo kikapuni, mahindi na mbaazi. Je, apande au asipande?)

Nashukuru, mama yangu. Swali hilo ndilo lililotukutanisha hapa leo, mwezi wa kumi na moja mwaka themanini na sita, na Kamati imeamua kulijibu kikamilifu, kwa mapana na marefu, katika hotuba hii hii. Naomba subira tu, kwa sababu jibu lisilo na utangulizi ni kama nyumba isiyo na mlango, mtu hajui aingilie wapi.

Ndugu wananchi, mtakumbuka kwamba miaka miwili iliyopita, wakati tukila yanga, ule unga wa njano wa msaada, na kufulia magadi, wakati betri za redio tukizianika juani ili tusikie habari nusu saa, Kamati hii ilikaa, ikatafakari, ikafanya fizibiliti, ikaona kwamba tatizo la Babati si sukari wala sabuni wala matairi. Tatizo ni kwamba vitu hivyo vyote vinakuja kwa barabara, na barabara mnaijua. Kumbe juu yetu kuna njia pana, haina mashimo, haina kizuizi cha mazao, na mwenye njia hiyo ni Mwenyezi Mungu ambaye hajawahi kudai kibali. Hapo ndipo projekti ilipozaliwa.

(Makofi machache. Ng'ombe mmoja analia.)

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi, nyumba kwa nyumba, mmetoka na mapanga na majembe, mmefyeka, mmeng'oa visiki, mmesawazisha vichuguu. Ndugu Sylvesta ameniandalia takwimu. Alhamisi tisini na sita. Vichuguu arobaini na kimoja, na kati yake thelathini na vinane vimerudi. Utekelezaji wa lengo, asilimia mia moja na kumi na nne. Soksi ya kuonyesha upepo, moja, iliyoshonwa na mke wangu kwa gunia la sukari, kwa kuwa gunia lilikuwepo ingawa sukari haikuwepo. Ndege zilizotua, sifuri. Na hapa naomba tutulie kidogo, maana wapo wanaoichukua sifuri hii na kuitembeza vilabuni kwa nia mbaya. Sifuri hii maana yake ni kwamba katika miaka miwili ya shughuli zake kiwanja chetu hakijapata ajali hata moja. Nawaombeni mnionyeshe kiwanja kingine chenye rekodi ya namna hiyo.

(Herieli anasema hata baiskeli yake iliyokosa matairi haijamwangusha mtu tangu mwaka jana.)

Nakupongeza kwa hilo, Ndugu Herieli. Usalama ni usalama.

Sasa nakuja kwenye eproni, na hapa ndipo swali la Mama Damiani linapokaa. Ninyi ni ndugu zangu, siwezi kuwaficha: mimi shule niliishia darasa la saba la wakati ule, nikasomea ukatekista, na Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Nilipolikuta neno eproni katika kijitabu kimoja cha mambo ya viwanja, nilienda kwa Padri kuazima kamusi, nikakaa nayo Kwaresima nzima. Nikagundua kwamba neno hili ni neno zito. Maana ya kwanza, ni ile nguo mpishi anayojifunga kifuani asichafuke. Maana ya pili, ni ngozi anayojifunga mfua vyuma ili cheche zisimuunguze. Maana ya tatu, na hii msiirudie mbele ya watoto wa Kipaimara, ni ile sehemu ya jukwaa inayotokeza mbele ya pazia, wanapochezea watu wa michezo ya kuigiza. Maana ya nne ni sakafu ya mbele ya ghala. Maana ya tano, ambayo ndiyo yetu, ni uwanda ulio pembeni mwa njia ya kurukia, ambapo ndege ikishatua inasogea taratibu, inasimama, inateremsha watu, inapakia mizigo, inapumzika. Kwa lugha nyepesi, ni ua wa ndege. Mnyama bila zizi mnamwelewa ninyi wafugaji.

(Mzee Ntutu anasema zizi huwa anajenga baada ya kupata ng'ombe.)

Ni utaratibu mzuri, mzee wangu, ila ni wa kiasili. Kitekniko tunaanza na eproni. Kamati Ndogo ya Eproni ilizunguka upande wote huu, ikapima kwa hatua, ikaona kwamba ekari tatu za Mama Damiani ndizo zilizo tambarare kuliko zote, hazina jiwe, udongo wake mweusi na umeshiba. Ndiyo maana tukamwomba asipande. Hakunung'unika. Misimu miwili sasa amekodi nusu ekari kule Mutuka, anakwenda kwa miguu alfajiri na kurudi jua likizama, na hiyo nusu ekari mwaka jana viwavi waliila. Nataka historia iandike kwamba mwanamke huyu ndiye mama wa eproni.

(Mama Damiani anasimama. "Mwenyekiti, hata mimi eproni ninayo nyumbani. Alinipa sista wa misheni. Lakini siifungi kama sina cha kupika." Vicheko. Anakaa.)

Mchango huo umepokelewa, na Katibu ataupeleka chini ya maana ya kwanza.

Ndugu wananchi, wapo wanaouliza, tunawezaje kufyeka miaka miwili bila ndege? Hao nawajibu kwa Maandiko. Noa hakusubiri mvua ndipo atafute mbao. Alijenga safina nchi ikiwa kavu, majirani wakapita wakimcheka, wengine huenda walikuwa na baiskeli, sijui, lakini mvua ilipokuja nani alikuwa ndani na nani alikuwa nje?

(Herieli, bila kusimama: "Noa aliambiwa.")

Samahani?

(Herieli: "Nasema Noa aliambiwa, Mwenyekiti. Na aliyemwambia anajulikana. Sisi tumeambiwa na nani?" Watu wanamtazama Katibu. Katibu anatazama muhuri.)

Swali la Ndugu Herieli ni zuri, limepokelewa, na litajibiwa katika sehemu ya shukrani. Naomba tufuate ajenda.

Kuhusu mipango ya mbele. Kamati inaahidi kwamba katika awamu ya pili kutakuwa na kodineshen madhubuti. Kutajengwa banda la abiria lenye viti, na nje yake kivuli cha wasindikizaji. Samaki wa ziwa letu watapanda ndege asubuhi na kuliwa mijini mchana. Wagonjwa hawatalala tena juu ya magunia ya mbaazi katika lori linalosukumwa. Na hapo, ndugu zangu, naacha karatasi kidogo. Mnajua dada yangu Antonia alivyokufa. Lori lilikosa dizeli njiani, tukakaa naye kando ya barabara mpaka saa tisa mchana, na juu yetu ikapita ndege, ndogo, nyeupe, ikaenda zake. Nilitazama ile ndege. Tangu siku ile nimekuwa nikitazama. Basi. Narudi kwenye karatasi.

(Mzee Ntutu anavua kofia. Mama Damiani anamwambia Mwenyekiti pole, Baba Tunu.)

Nimeshapoa.

(Mama Damiani ananyanyua jembe lake. Anasogea hatua tatu kutoka jukwaani, anapiga shimo la kwanza, anadondosha mbegu, anafukia kwa mguu. Anapiga la pili.)

Naona Mama Damiani ameshaanza kazi kabla ya hotuba kwisha, na huo ndio moyo tunaoutaka. Wageni watakaosoma kumbukumbu hizi waelewe kwamba katika msaragambo wa kwetu, jembe la kwanza likishaingia ardhini hakuna anayesimama na jembe lake begani, maana huo ni mkosi na ni aibu kwa mama yake. Anayeanza ndiye anayeonyesha mstari.

(Wanawake watano wanasimama, wanaingia kwenye mstari. Kisha wazee wa kwenye mawe. Herieli anashika mgongo, naye anainama. Mzee Ntutu anawapigia mluzi vijana wake waondoe ng'ombe.)

Sawa kabisa. Na mstari umenyooka. Ndugu Sylvesta, andika: wananchi wameitikia kwa kishindo. Andika pia nafasi kati ya shimo na shimo, hatua moja, ni kipimo kizuri sana kwa eproni.

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuruni wote kwa Alhamisi tisini na sita. Namshukuru mke wangu kwa gunia. Namshukuru rubani atakayetua hapa, ambaye kwa sasa hajui. Na namshukuru Mkubwa wa Ndege aliye Dar es Salaam, ambaye naye hajui, na hapa ndipo ninapomjibu Ndugu Herieli, kwa kuwa nimemaliza miaka miwili ya kufunga na kusali na sasa namwona Mama Damiani anapanda, na mimi si mtu wa kusema uongo mbele ya mbegu.

Hatukuambiwa na mtu. Sisi ndio tuliotaka kuwaambia. Barua ya kuomba kiwanja tuliiandika siku ya kwanza, ina mihuri minne, na iko hapa, ndani ya Biblia yangu, katika Isaya. Haikwenda posta kwa sababu sote tunajua kwamba barua ya heshima haitumbukizwi kwenye sanduku. Barua ya posa inabebwa, barua ya msiba inabebwa, inakabidhiwa kwa mikono miwili, na aliyeibeba anakaa mlangoni mpaka apewe jibu. Tulitafuta wa kuibeba. Basi halikuwa na matairi, lori la ushirika halikuwa na mafuta. Ndipo kikao chetu cha nne kikaazimia, kwa kauli moja, kwamba barua hiyo ipelekwe Dar es Salaam na ndege ya kwanza itakayotua katika kiwanja hiki.

(Majembe yanasimama. Kisha yanaendelea.)

Kwa hiyo, Mama Damiani, kwa niaba ya Kamati, jibu la swali lako ni: panda. Naona umeshafika mstari wa nne.

("Wa tano," anasema Mama Damiani. "Na wewe Baba Tunu shuka, lete mikono. Mbaazi bado.")

Nashuka. Kiwanja, juu. Ndege, chini. Mbegu, chini zaidi. Lakini kabla sijashuka naomba niisome barua hii, maana imeandikwa na haijawahi kusikilizwa na mtu, na yeyote kati yenu atakayepata safari, kwa basi, kwa lori au kwa miguu yake, namwomba aje aichukue nyumbani, nitampa kwa mikono miwili.

"Kwa Mkubwa wa Ndege. Salamu nyingi kutoka Babati. Hujambo? Watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima, ila tunakufa njiani. Tumeona ndege zako zikipita juu, na tunaomba mojawapo iwe inashuka. Mahali pa kushukia tutapasafisha wenyewe, watu wa kazi wapo. Kama haiwezekani, tuambie pia, ili mwenye shamba apande. Tafadhali tujibu mapema."